Kuitikia Utamaduni wa Mwanafunzi Katika Darasa la Kiswahili: Mfano wa Miji ya Thika na Ruiru

Ikisiri

Nchini Kenya, Kiswahili husifiwa kuwa lugha isiyo na kabila. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa Kiswahili huweza kuamini kwamba darasa lake ni la wote hata kabla hajafungua kinywa. Makala haya yanaihoji imani hiyo. Kwa kutumia mfano wa miji ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, tunaonyesha kwamba wanafunzi wanaokaa katika dawati moja hukiendea Kiswahili sanifu kwa njia tofauti, kutegemea lugha walizozipata nyumbani na zile walizoziokota mtaani. Tunajadili masomo manne, yaani matamshi, ngeli, methali na sajili, na kubainisha jinsi mwalimu anavyoweza kuutumia ujuzi huo wa mwanafunzi kama mtaji wa kumfikisha kwenye usanifu.

1.0 Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kutwa viungani mwa mji wa Ruiru. Siku ya pili, katika kidato cha kwanza, alimwita mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha asome aya ya kwanza ya kifungu cha ufahamu. Mvulana alisimama, akasoma kwa sauti ya kujiamini: "Baba yangu ana samba kubwa." Darasa likaangua kicheko. Lililo baya zaidi ni kwamba mwalimu naye alitabasamu. Mvulana aliimaliza aya hiyo kwa sauti iliyofifia sentensi baada ya sentensi, kisha akaketi. Katika majuma yote yaliyosalia ya muhula huo hakuinua mkono tena wakati wa kipindi cha Kiswahili. Insha zake zilikuwa miongoni mwa insha bora darasani, lakini sauti yake haikusikika tena.

Tabasamu hilo ndilo lililozaa makala haya. Tulipoondoka chuoni tulikuwa na maazimio ya kazi, andalio la somo na vifaa vya kufundishia. Tulijua ngeli zote na tanzu zote za fasihi simulizi. Hata hivyo, hatukuwa tumejiuliza swali moja la msingi: je, mwanafunzi huyu anakuja darasani akiwa na nini tayari? Tulidhani kwamba kwa kuwa tunafundisha Kiswahili, lugha ya taifa, suala la kabila na utamaduni limekwisha kutatuliwa. Makala haya yanatoa hoja kwamba halijatatuliwa, na kwamba Kiswahili huwa cha wote pale tu mwalimu anapokifanya kiwe hivyo, somo baada ya somo.

2.0 Sera ya Lugha na Dhana ya Eneo

Tangu uhuru, sera ya lugha katika elimu nchini Kenya imepitia mikono mingi. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliipa lugha ya Kiingereza nafasi kuu katika ufundishaji tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya mwanzo mwanafunzi afundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na kwamba katika maeneo yenye mchanganyiko wa watu, hasa mijini, Kiswahili au Kiingereza kitumike. Ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 iliandaa njia ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ambao ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima linalotahiniwa. Chini ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, lugha za kiasili zimetengewa nafasi katika gredi za chini.

Katiba ya mwaka 2010 nayo imeenda mbali zaidi. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu hichohicho kinaitaka serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya, na kuendeleza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya nukta nundu. Kwa hivyo, kisheria, kukitukuza Kiswahili na kuzilinda lugha nyingine ni majukumu mawili yanayokaa katika kifungu kimoja. Mwalimu anayedhani kwamba kukijenga kimoja ni lazima abomoe kingine hajaisoma Katiba yake vizuri.

Sera hizi zote zinategemea dhana ya eneo: kuna maeneo ya lugha moja na kuna maeneo ya mchanganyiko. Katika eneo la mchanganyiko, Kiswahili hupendekezwa kama suluhisho, na mjadala hukomea hapo. Swali ambalo sera haijibu ni hili: Kiswahili kikishachaguliwa, kitafundishwaje kwa watoto ambao hawakianzii mahali pamoja? Ili kulijibu, hatuna budi kuitazama miji yenyewe.

3.0 Thika na Ruiru kama Mandhari ya Lugha

Thika na Ruiru ziko kwenye barabara moja kuu itokayo Nairobi kuelekea kaskazini mashariki. Asili ya eneo hili ni nchi ya Wagikuyu, lakini ukoloni uliligeuza kuwa la mashamba makubwa ya kahawa na katani, na baadaye mananasi. Mashamba yalihitaji vibarua, na vibarua walitoka kila upande. Viwanda vya Thika, vikiwemo vya nguo na mafuta ya kupikia, viliongeza wimbi hilo. Ukambani ni jirani wa mashariki. Nyanza, Magharibi na Kisii zimeleta wafanyakazi wa viwandani, walimu, askari na wafanyabiashara. Familia za Kisomali zina maduka mijini. Aidha, eneo hili limezungukwa na vyuo vikuu: Kenyatta kiko Kahawa, Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, na Mount Kenya kiko Thika penyewe.

Kasi ya ongezeko la watu inastaajabisha. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takribani watu 239,000 katika mji wa Ruiru; ile ya mwaka 2019 ilihesabu takribani 490,000. Katika miaka kumi idadi iliongezeka zaidi ya maradufu, na Ruiru ikawa mmojawapo wa miji mikubwa zaidi nchini. Thika nayo ilipanda kutoka takribani 140,000 hadi takribani 251,000. Kukamilika kwa barabara kuu ya Thika mwaka 2012 kuliwawezesha watu wengi kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru, Juja au Thika, na watoto wao wakajaza shule za huko.

Hivyo basi, katika darasa moja la Ruiru mwalimu huweza kukutana na mtoto anayezungumza Kigikuyu nyumbani, mwingine Kikamba, mwingine Kijaluo, mwingine Ekegusii, na mwingine ambaye wazazi wake wana lugha mbili tofauti na kwa hiyo lugha yake ya kwanza hasa ni Kiswahili cha mtaani kilichochanganyika na Sheng. Wote wamevaa sare ya rangi moja, nasi tukaichukulia sare hiyo kuwa dalili ya usawa.

4.0 Maana ya Darasa Linaloitikia Utamaduni

Dhana ya ufundishaji unaoitikia utamaduni wa mwanafunzi imejadiliwa sana nchini Marekani. Gloria Ladson-Billings, katika maandishi yake ya mwaka 1995, aliweka vigezo vitatu: mwanafunzi afaulu kimasomo, audumishe utamaduni wake, na apate uwezo wa kuihakiki jamii anamoishi. Geneva Gay, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alisisitiza kwamba mwalimu autumie ujuzi wa kitamaduni na tajriba ya mwanafunzi kama njia ya kumfundishia. Ni muhimu kutambua kwamba kigezo cha kwanza cha Ladson-Billings ni kufaulu. Darasa la namna hii halishushi kiwango. Mwalimu anayeacha kusahihisha kwa kuwa "huyo anatoka kwao" amemtupa mwanafunzi wake sawasawa na yule anayemcheka.

Ushahidi wa Kiafrika haukosi. Nchini Nigeria, mradi wa Ife ulioanza mwaka 1970 chini ya uongozi wa Babatunde Fafunwa uliwafundisha watoto wa shule ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita, na wanafunzi hao hawakubaki nyuma ya wenzao. Naye Jim Cummins alidai mwaka 1979 kwamba umilisi wa lugha ya kwanza na ule wa lugha ya pili hutegemeana, kiasi kwamba anachokijua mtoto katika lugha moja humsaidia katika nyingine. Dai hilo lina uzito mkubwa zaidi kwetu, kwani lugha nyingi za Kenya ni jamaa za karibu za Kiswahili.

Tunapaswa pia kujihadhari na tafsiri nyepesi ya dhana hii. Shule nyingi huitekeleza kwa kuandaa siku ya utamaduni: wanafunzi huvaa ngozi na shanga, hucheza ngoma, hula chakula cha asili, na kesho yake kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Sherehe ni njema, lakini mvulana wa dirishani hakuhitaji ngoma. Alihitaji mwalimu anayejua kwa nini alitamka alivyotamka.

5.0 Masomo Manne

5.1 Matamshi

Tuanze na jina la mji wenyewe. Wagikuyu wanapolitamka jina Thika, sauti ya mwanzo husikika kama ile ya mwanzo wa neno "dhahabu". Katika othografia ya Kigikuyu, herufi th huwakilisha sauti ambayo katika Kiswahili huandikwa dh. Kwa hiyo mtoto anayelisoma neno "thelathini" kama "dhelathini" ametumia, bila kukosea, kanuni ya maandishi ya lugha yake katika maandishi ya lugha nyingine. Akielezwa hivyo, atatambua kwamba kosa lake lina mantiki, na lenye mantiki hurekebishika.

Sasa tumrudie mvulana wetu. Lugha yake ya nyumbani ni Kijaluo, ambacho hakina sauti sh. Ndiyo maana "shamba" likawa "samba". Lakini Kijaluo kina th na dh, zote mbili, nazo huzitofautisha maneno. Jina Adhiambo lina dh. Neno "yath", yaani mti, lina th. Maana yake ni kwamba katika darasa lile, ambamo wengi walikuwa wakichanganya "kuthamini" na "kudhamini", mvulana aliyechekwa kwa sh ndiye aliyefaa kuwa kielelezo cha wenzake kwa th na dh. Mwalimu hakulijua hilo. Alikuwa na mwalimu msaidizi karibu na dirisha, akamnyamazisha.

Mfano wa tatu ni l na r. Kigikuyu kina r lakini hakina l. Kikamba kina l lakini, kwa asili, hakina r. Hivyo mtoto mmoja huweza kusema "rara" badala ya "lala", na jirani yake akasema "kalibu" badala ya "karibu". Kila mmoja anacho anachokikosa mwenzake. Badala ya mwalimu kuwasahihisha mmoja mmoja mbele ya darasa, anaweza kuandaa zoezi la jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja: kalamu na karamu, kula na kura, saba na shaba, suka na shuka, thamini na dhamini. Wanafunzi wakae wawiliwawili, mmoja atamke, mwingine aonyeshe neno alilolisikia. Kila mwanafunzi hujikuta ni hodari katika jozi fulani na dhaifu katika nyingine, na kicheko hukosa mahali pa kukaa.

Tahadhari ni muhimu hapa. Si kila mtoto mwenye jina la Kijaluo ana tatizo la sh, wala si kila Mgikuyu wa Thika ana tatizo la l. Watoto wengi waliozaliwa mjini hawana athari hizo kabisa. Mwalimu asikilize sauti ya mwanafunzi, asisome jina lake kwenye sajili ya mahudhurio na kumbandika kosa kabla hajasema neno.

5.2 Ngeli

Somo la ngeli huogopwa na wanafunzi wengi, na aghalabu hufundishwa kwa kukaririsha: A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA na kuendelea. Hata hivyo, mtoto anayezungumza Kigikuyu anazitumia ngeli kila siku bila kujua. Husema mũndũ na wingi wake andũ, mũtĩ na mĩtĩ, kĩndũ na indũ. Mwenzake wa Ekegusii husema omonto na abanto. Mwalimu akiwaomba wanafunzi hawa walete majina matano kutoka nyumbani, umoja na wingi, kisha ayaandike ubaoni karibu na mtu/watu, mti/miti na kitu/vitu, watagundua wenyewe kwamba jambo wanalofundishwa wamelijua tangu utotoni.

Ama kwa mtoto anayezungumza Kijaluo hali ni tofauti. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti, na hakina ngeli za namna hii. Wingi wa "ot", yaani nyumba, ni "udi". Wingi wa "buk", yaani kitabu, ni "buge". Umbo la neno hubadilika ndani yake, lakini hakuna kiambishi kinachosafiri kutoka kwenye nomino hadi kwenye kivumishi na kitenzi. Kisomali nacho, ambacho ni lugha ya Kikushi, huzigawa nomino katika jinsia ya kike na ya kiume. Kwa watoto hawa, upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili ni jambo geni kwa kiasi kikubwa. Wakipewa dakika arubaini zilezile, mifano ileile na mtihani uleule, halafu wakaambiwa ni wavivu, tutakuwa tumewadhulumu kwa jina la usawa. Mwalimu anayelijua hili atawaongezea mazoezi ya upatanisho, na atawapanga katika vikundi pamoja na wenzao ambao viambishi kwao si mzigo.

Lugha jamaa nayo huzaa makosa yake. Mtoto huandika "katoto" na "kanyumba" kwa sababu Kigikuyu na lugha nyingine za Kibantu huonyesha udogo kwa kiambishi ka-. Badala ya kuikata kwa kalamu nyekundu na kupita, mwalimu aeleze kwamba Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa ki- na vi-, hivyo "kitoto" na "vitoto". Alama nyekundu humwambia mtoto kwamba amekosea. Maelezo humwonyesha njia ya kutokea.

5.3 Methali

Methali nyingi za Kiswahili zina asili ya pwani. Zinazungumzia chombo, usukani, mawimbi na kibaba. Mtoto wa Thika hajawahi kupanda ngalawa, na kibaba hakijui. Ni haki afundishwe methali hizo, kwani ni urithi wa lugha anayojifunza. Lakini akifundishwa hizo tu, huenda akaamini kwamba hekima ina makao mamoja, nayo hayako kwao.

Tulifanya jaribio dogo baadaye katika mazoezi yetu. Tuliwaomba wanafunzi waulize nyumbani methali moja kuhusu ushirikiano, kwa lugha yoyote, waje na tafsiri yake. Msichana mmoja alileta methali ya Kigikuyu: "Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ." Alieleza kwamba maana yake ni kuwa kikundi kidogo cha watu huinua kinu. Tuliiandika ubaoni chini ya "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu", tukaanza kuichambua. Kiambishi ka- cha mwanzoni ni kilekile cha udogo tulichokijadili hapo juu. Sehemu -aga katika "koyaga" huonyesha mazoea, kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa hu-. Kwa methali moja tukawa tumerejelea udogo, hali ya mazoea, tafsiri na fasihi simulizi. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini Kiswahili kinataja nguvu moja kwa moja ilhali Kigikuyu kinataja kinu. Swali hilo lilikuwa la uhakiki wa fasihi, nalo halikutoka katika kitabu chochote.

Vivyo hivyo kwa vifungu vya ufahamu. Ruiru ina kituo cha utafiti wa kahawa ambacho jina la mji limebaki katika aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili kustahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Mwalimu anaweza kuandika aya nne juu ya kahawa hiyo na kupata msamiati wa kilimo, vitenzi vya kutendwa na maswali ya ufahamu. Watoto ambao babu zao walichuma buni watakuwa na la kusema.

5.4 Sheng na Sajili

Hakuna mjadala wa Kiswahili nchini Kenya unaokamilika bila lawama kwa Sheng. Lawama hizo zina msingi. Mwanafunzi anayeandika "kitabu hii" au "niko kwa nyumba" katika mtihani hupoteza alama, na alama hizo huamua mustakabali wake. Lakini njia tuliyoizoea ya kupambana na Sheng, yaani marufuku na adhabu, ina historia ambayo tunapaswa kuikumbuka. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti hii hii, alieleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi watoto wa enzi zake walionaswa wakizungumza Kigikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni. Wakati huo lugha iliyokuwa ikilindwa ni Kiingereza. Itakuwa kinaya kikubwa ikiwa sisi walimu wa Kiswahili tutakirithi kibao hicho na kukitumia kukilinda Kiswahili.

Silabasi yenyewe imetupa njia nyingine. Isimujamii hufundishwa na kutahiniwa katika shule za upili, na ndani yake mna mada ya sajili. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kunukuu mazungumzo kati ya utingo na abiria kwenye steji ya Ruiru, kisha wayaandike upya mara mbili: kwanza kama barua rasmi ya malalamiko, halafu kama taarifa ya habari. Katika kazi hiyo hakuna anayeambiwa kwamba anavyozungumza na rafikiye ni uchafu. Anachojifunza ni kwamba kila mahali pana lugha yake, na kwamba mtihani, mahakama na gazeti vinataka Kiswahili sanifu. Mwanafunzi aliyeunda sentensi hiyo ya pili na ya tatu kwa mkono wake ataijua tofauti kuliko yule aliyechapwa.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la muda. Madarasa yana wanafunzi wengi, vipindi ni vichache, na mtihani wa kitaifa haungoji. Tunakubali. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya masomo manne tuliyoyataja lililo nje ya silabasi. Matamshi, ngeli, methali na sajili ni lazima zifundishwe. Tunachopendekeza ni mfano tofauti katika kipindi kilekile.

Pingamizi la pili ni kwamba mwalimu hawezi kujua lugha kumi. Ni kweli, na halazimiki. Anachohitaji ni kujua mambo machache ya kimsingi kuhusu lugha zilizomo darasani mwake: zina sauti gani, zina ngeli au hazina. Mengine atayapata kwa wanafunzi wenyewe. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "nifundishe hilo" hapungukiwi na hadhi.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Je, kuzitaja lugha za nyumbani darasani hakutachochea ukabila? Nchi hii ina sababu ya kuogopa. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha wengine laki kadhaa makwao, na lugha ya mtu au jina lake lilitosha kumponza. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilizaliwa na maumivu hayo. Jibu letu ni kwamba kunyamaza hakujawahi kuuzuia ukabila. Kicheko kile cha Ruiru kilikuwa ukabila mdogo, na kilisikika katika darasa ambalo hakuna aliyetaja kabila. Kinachohitajika ni utaratibu. Mwalimu asimwulize mwanafunzi mbele ya wenzake, "Wewe ni kabila gani?" Badala yake, juma la kwanza, awape wote insha fupi yenye kichwa "Lugha za nyumbani kwetu". Kila mmoja ataandika anachotaka kijulikane, na mwalimu atakuwa na ramani ya darasa lake bila kumwaibisha yeyote.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, vyuo vinavyoandaa walimu wa Kiswahili viiunganishe kozi ya isimu linganishi na kozi ya mbinu za kufundisha. Wengi wetu tulijifunza fonolojia ya lugha za Kibantu kama nadharia ya kujibia mtihani, tukaiacha chuoni tulipokwenda mazoezini.

Pili, wahadhiri wanaowakagua wanafunzi mazoezini watazame pia ni nani asiyesema darasani na ni kwa nini. Andalio zuri la somo halionyeshi ukimya.

Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikusanye mifano midogo ya namna hii kutoka kila eneo. Mwanachama anayetoka Kwale, Busia au Garissa ana darasa lake na ramani yake ya lugha. Vikikusanywa, vijitabu hivyo vitawafaa walimu wanafunzi wanaopangiwa shule ugenini.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili hakiwi lugha ya wote kwa kutangazwa tu. Kila mtoto wa Thika na Ruiru huja darasani na sauti, viambishi, methali na mitindo ya mazungumzo. Vingine vinafanana na Kiswahili sanifu, vingine vinatofautiana nacho, na vyote vinaweza kutumiwa kumfikisha huko. Kazi ya mwalimu ni kuvijua.

Siku ya mwisho ya mazoezi yetu tulimwita mvulana yule ofisini, tukamweleza habari ya sh, th na dh, na tukamwomba radhi kwa tabasamu lile. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Asante, Mwalimu. Laiti ungeniambia mapema." Hakuna somo tulilofundishwa chuoni lililotuingia kama hilo. Kwa wenzetu mnaojiandaa kwenda mazoezini muhula ujao, hatuna wosia mwingine: waambieni mapema.